Nakala ya Kila Kitu, Isipokuwa

Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Baba Dogo, Nairobi, mimi huitwa Fundi, na mama yangu huitwa Mama Fundi, na sisi wote wawili tulipewa majina hayo kimakosa. Fundi hutengeneza kilichoharibika. Mimi nilikuwa bingwa wa kuchukua simu nzima, inayopiga na kupokea, isiyo na tatizo lolote, na kuiharibu kwa makusudi ili baadaye nipate raha ya kuiponya. Nyingi zilipona. Ambazo hazikupona ziko kwenye kopo la rangi chini ya kitanda changu, na hizo tuziache. Ninayotaka kuisimulia ni ile iliyopona kabisa, ikawaka, ikaita, ikawa kama mpya, ila ilikuwa imepoteza kitu kimoja tu, wimbo wa mama.

Kwa wasioujua ugonjwa huu, nieleze. Ukinunua simu ya Android, unaruhusiwa kuibonyeza lakini huruhusiwi kuitawala. Aliyeitengeneza amebakisha chumba kimoja cha ndani na ufunguo ameondoka nao. Ku-root simu ni kuvunja mlango wa chumba hicho na kukaa humo kama mwenye nyumba. Ukishaingia, unaanza kupachika faili za zipu unazopakua mtandaoni. Hii inabadilisha herufi. Hii inafukuza matangazo. Hii inaitoa saa pembeni mwa skrini na kuiweka katikati. Wenzangu wa rika langu wameoa, wamejenga, wengine wana tumbo la heshima. Mimi Jumamosi zangu nilizimaliza nikisogeza saa.

Mama hakuwahi kuelewa, na kosa lilikuwa langu kwa sababu nilimfasiria. Alipouliza neno hilo maana yake nini, nikamwambia root ni mzizi. Wiki ileile kina mama wa kanisa walikuja nyumbani wakanizunguka kitini na kuniwekea mikono kichwani, kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba kijana wa Mama Fundi ameingia kazi ya mizizi. Niliombewa kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kisha tukanywa chai. Baadaye nilipotaja zipu, mama aliangalia suruali yangu kwanza.

Basi simu yenyewe. Ilikuwa yangu kabla ya kuwa yake. Niliponunua nyingine, hii nikamwachia, ikiwa imeshavunjwa mlango na kupambwa hadi ikakoma. Mama aliivalisha mfuko wa ngozi ulioshonwa soko la Kariokor, wenye kifungo na kamba ya kuning'iniza shingoni, na kuanzia siku hiyo ikawa chombo cha kanisa.

Mama ndiye mtunzi wa kwaya ya kina mama. Hajui noti za muziki na hana haja nazo. Wimbo humjia vipande vipande akiwa jikoni, akichemsha mahindi ya muthokoi au akikuna nazi, na kila kipande kikija hupangusa mkono kwenye leso, hubonyeza kinasa sauti, huimba, huzima. Kesho kipande kingine. Hatimaye huvisikiliza vyote kwa mpigo, huviunganisha, halafu ndipo huwafundisha wenzake. Kabla ya simu alikuwa akiubeba wimbo wote kichwani kama mtungi wa maji, asiongee na mtu njiani usije ukamwagika. Simu ilimpumzisha. Mwenyewe husema akishauweka humo, kichwa chake huuachilia na kwenda kutafuta mwingine.

Mwaka huo kulikuwa na wimbo mmoja uliomchukua muda mrefu kuliko kawaida. Jirani yetu wa mlango unaotazamana na wetu alikuwa anahama. Alitoka magharibi mwa nchi akiwa msichana, akafanya kazi kiwanda cha nyuzi mpaka vidole vikakataa, na sasa alikuwa anarudi kwao kupumzika. Kwaya ya mama bila yeye ni kiti kisicho na mguu, kwa sababu sauti ya pili ni yeye, wengine humfuata tu. Kanisa lilipanga kumuaga siku ya Jumapili, na mama akajitwika kutunga wimbo wa kumuaga. Ulitakiwa kuwa siri. Mama alikuwa amepita kwa kila mwanakwaya akinong'ona kwamba waambiane wote isipokuwa yeye.

Mimi nilikuwa na mambo yangu. Nilijua jirani anahama, kila mtu alijua, lakini wimbo kwangu ulikuwa kelele tu. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, karani wa stoo kiwanda cha sabuni, ninayeishi na mama yake kwa sababu za kiuchumi ambazo yeye huziita uvivu. Asubuhi nikiwa bafuni na ndoo yangu, mama yuko jikoni anarudia mstari mmoja mpaka unanikaa kwenye meno. Bafu letu na jiko letu vimetenganishwa na ukuta ambao ukiuegemea sana utaingia upande wa pili. Nikawa naujibu wimbo kwa maneno yangu. Yeye akiimba, "Nenda salama, dada, nenda salama," mimi huku nikijipaka sabuni naimba, "Nenda salama, data, nenda salama, bando lako halirudi." Niliona nimechekesha sana. Mama alikuwa akigonga ukuta kwa mwiko, nami naongeza sauti.

Nje ya mlango wetu, kwenye korido, jirani mwenyewe alikuwa akiketi kila asubuhi kwenye kigoda chake akichambua mboga za mrenda. Ndiyo maana mama alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Angalau yeye aliamini ni ya chini.

Jumamosi ya kuamkia maagano, kwaya ilikuwa ije kwetu alasiri kujifunza wimbo. Mama alikuwa amepanga kila kitu. Jirani alipelekwa Kariokor na dada mmoja wa kanisa kuchagua ndala za ngozi za kurudi nazo nyumbani, na dada huyo alikuwa na maagizo ya kubishana na kila muuzaji ili wachelewe. Mama alivaa viatu aende sokoni, akafika mlangoni, akarudi akanipa ile simu ndani ya mfuko wake.

"Hebu ipandishe sauti kidogo," akasema. "Wale wa nyuma hawasikiangi."

Mtu mwenye akili timamu angeazima spika. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa nayo, kubwa, kila Jumapili tulikuwa tukilazimishwa kuisikiliza. Lakini mtu mwenye akili timamu haitwi Fundi. Mimi nilikuwa na zipu. Kuna mtu, katika nchi ambayo sijui hata iko upande gani wa dunia, alikuwa ameandika zipu ya kuongeza sauti na kuahidi kwamba simu yoyote itatikisa kuta. Nilikuwa nimeipakua kitambo nikingoja mgonjwa. Mgonjwa alikuwa ameletwa na miguu yake mwenyewe.

Na msinifikirie mjinga kabisa. Kabla ya kugusa chochote nilifanya nakala. Kwenye kundi letu la mtandaoni tulikuwa na msimamo mkali juu ya hilo, asiyefanya nakala hahurumiwi, akilia tunamtumia picha za vibonzo. Nikaizima simu, nikaiwasha kwa kubana vitufe viwili, ikafungua ile skrini ya nyuma ya pazia ambayo mwenye simu wa kawaida huwa haioni maishani mwake. Nikachomeka kadi yangu ya kumbukumbu ili nakala ikae mahali salama, nje ya simu. Nikaweka alama ya vema kwenye kila kisanduku. Kimoja kilikuwa kimeandikwa Data, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, excl. storage.

Mstari huo nilikuwa nimeuona mara nyingi kuliko nilivyoona uso wa mwenye nyumba wetu. Na miaka yote hiyo nilikuwa nimeusoma exclusive. Jamani, huku kwetu exclusive ni kitu kizuri. Kinyozi akiandika exclusive mlangoni, bei imepanda na kuna taulo la moto. Baa ikiwa na upande wa exclusive, viti vyake vina mito. Kwa hiyo nilijua, bila wasiwasi wowote, kwamba data ya simu inahifadhiwa mahali pa hadhi ya juu, pengine penye kapeti. Nilikuwa hata nikiona fahari kidogo ninapoiwekea alama ya vema.

Nakala ikaisha. Nikapachika zipu ya sauti. Simu ikawaka, ikaonyesha nembo ya kampuni, ikaendelea kuonyesha nembo ya kampuni. Nikapika chai, nikanywa, nembo bado iko. Sikuogopa. Kwa kweli nilifurahi, kwa sababu hapa ndipo fundi anapoonekana. Nikarudi nyuma ya pazia. Ningeweza kurudisha nakala juu ya uchafu ule na mambo yakaisha, lakini kwenye kundi letu kufanya hivyo ni kama kupiga deki bila kufagia. Sisi tulikuwa watu wa usafi. Tulikuwa tukifuta kila kitu kwanza, ndipo turudishe.

Simu yenyewe ilijaribu kuniokoa. Ukitaka kuifuta kabisa haikubali ubonyeze tu, inakutaka uandike neno yes kwa kidole chako, herufi moja moja, ili upate nafasi ya kujifikiria. Mimi niliandika haraka haraka huku nikipiga mluzi. Na mluzi wenyewe ulikuwa wa wimbo ule.

Ikafuta. Nikarudisha nakala. Simu ikawaka vizuri, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Majina yote ya watu. Ujumbe wote. Kengele ya maombi ya alfajiri. Herufi za madoido nilizomwekea mama zamani, ambazo hazipendi. Saa ilikuwa katikati. Sauti ilikuwa ileile ya zamani, kwa sababu zipu ilikuwa imeondoka na uchafu wake, lakini hilo niliona ni jambo dogo. Nikairudisha simu kwenye mfuko wa ngozi, nikafunga kifungo, nikajiona mwanamume.

Mama alirudi na mboga, akapangusa mikono, akaifungua ili ajisikilize kabla wenzake hawajafika. Akabonyeza kinasa sauti. Akabonyeza tena. Akanigeuzia skrini namna anavyonigeuzia sufuria iliyoungua.

"Hakuna kitu hapa," akasema.

"Kipo, mama. Nimeweka backup ya kila kitu."

"Basi kitoe."

Nikatafuta. Nikatafuta kwenye simu, nikatafuta kwenye kadi, nikafungua ile nakala yangu na kuichungulia ndani folda moja baada ya nyingine. Zilikuwamo programu zote, pamoja na ile ya kinasa sauti yenyewe, nzima, na mipangilio yake yote. Sauti hazikuwamo. Nikatoka nje kwenye korido nikampigia mwenzangu mmoja wa kundi, anayekaa Kariobangi, ambaye nilikuwa namheshimu kwa sababu anatukana watu kwa ustadi.

"Niaje, buda," akasema.

"Si poa. Nimewipe simu ya mathe na recording zake zimeenda."

"Si ulifanya backup?"

"Nilifanya, manze. Ya kila kitu. Hadi ile data ya exclusive."

"Ya nini?"

"Exclusive storage. Si imeandikwa hapo?"

Nilimsikia akiweka simu chini, akacheka mbali na simu, akairudisha sikioni. "Buda. Hiyo ni excluding. Inachukua data yote, isipokuwa storage. Mapicha, masauti, zote inaachanga." Akacheka tena, kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini usijali. Mi pia nilijua hivyo baada ya kupoteza mapicha za harusi yangu. Wife anadhani zilikuwa na virus."

Nikamuuliza kama kuna njia ya kuzifufua. Akasema kwa simu ile, ikishafutwa namna ile, ni kama kutafuta sukari kwenye chai. Nilijaribu hivyo hivyo. Programu ya kufufua faili ilizunguka ikazunguka, ikaniletea picha moja, nusu yake nyeusi, ya kikombe cha uji chenye maandishi ya kuwatakia watu siku njema.

Nilirudi ndani nikamwambia mama. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, kwa sababu magombezo ya mama yangu nimeyazoea, yana mwanzo na mwisho na katikati kuna majina ya watoto wa watu waliofaulu. Alikaa kwenye kochi, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja magotini.

"Huo ulikuwa wa huyu wa hapa mbele," akasema, akielekeza kidevu mlangoni. "Wa kumuaga kesho."

Nikasema nilidhani ni wimbo tu wa kanisa.

"Ni wake. Nimemtungia yeye."

Akajaribu kuuimba. Ulianza vizuri, nenda salama, halafu ukapinda ukaingia kwenye wimbo wa Krismasi. Akajaribu kutoka mahali pengine, ukaishia palepale kwenye Krismasi. Alifunga macho, akashika paji la uso. Nilimwona mama yangu akiutafuta wimbo kichwani mwake mwenyewe na kuukosa, na hapo nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ya kuwekewa mikono. Mimi ndiye niliyempa simu akaiamini. Mimi ndiye niliyemzoesha kuachilia.

Wenzake wakaanza kufika. Walivua viatu mlangoni, wakajibana kwenye makochi na kwenye viti vya kuazima, wamejaa shauku ya kusikia hiyo siri. Mama alifunga tena kitambaa chake akawaambia kwamba kumetokea shida ya simu, kwa hiyo kesho wataimba ule wa zamani, ule wa kila maagano. Hakusema shida hiyo ina ndevu na iko jikoni inaosha vikombe. Sauti zao zikashuka. Mmoja akasema si neno, ule wa zamani ni mzuri pia. Mwingine akasema ndiyo, ni mzuri, ila ndio tuliomwimbia hata yule mchungaji aliyefukuzwa.

Mimi niliinamia karai. Nataka ieleweke kwamba sikuwa na mpango wowote. Sina akili ya mipango, nadhani hilo limeshaonekana. Mikono yangu ilikuwa kwenye maji na sabuni, na mwili ukishasikia maji na sabuni hufanya ulichozoea. Nikajikuta naguna, kisha naimba chini chini, "Nenda salama, data, nenda salama."

Sebuleni mama aliinua kichwa.

"Wewe," mama akasema. "Rudia."

Nikasema sikuwa nikiimba kitu.

"Njoo hapa urudie."

Nikatoka na mikono inayodondosha maji, nikasimama mbele ya kwaya nzima ya kina mama. Mimi nilifukuzwa kwaya ya watoto na mwalimu mpole, aliyesema ninafaa zaidi kushika sahani ya sadaka. Kina mama wale walikuwa wananijua tangu kamasi. Nikaangalia dari, nikaanza.

"Foleni ya maji ilikuwa ndefu, nikaingia mtandaoni nikasahau ndoo. Nenda salama, data, nenda salama, bando lako halirudi."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mama hakucheka. Alikuwa amefunga macho na kidole chake kinapiga goti taratibu. Nilipomaliza alifungua mdomo, na akiishikilia sauti yangu hiyo mbovu kama kamba, akaimba:

"Foleni ya maji ilikuwa ndefu, ukavuta ndoo yangu mbele ya yako. Nenda salama, dada, nenda salama, mlango wako siufungi."

Kila mmoja pale aliijua habari hiyo. Mama alipohamia ploti ile, mgeni, na mimi mgongoni, jirani ndiye aliyemsogezea ndoo foleni. Ndiyo salamu yao ya kwanza.

"Endelea," akasema.

Ubeti wa pili nilikuwa nimeuharibu kwa bidii zaidi, kwa sababu niliona unafaa. "Mtoto wa watu amekula data, akarudi kwangu ana njaa."

Mama akafunga macho, akasikiliza, akaurudisha: "Mtoto wangu alikula kwako, akarudi kwangu ameshiba."

Nilikuwa nimesimama pale na matone ya maji yakidondoka kwenye zulia. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Siku mama alipokuwa zamu ya usiku nilikuwa nikivuka korido na sahani yangu, na jirani ananipakulia ugali na mrenda, na nikilalamika kwamba mrenda unateleza ananiambia ndiyo maana haukawii kufika. Nilikuwa nimejiimba bafuni miezi hiyo yote, nimejigeuza bando, na nikajiona mcheshi.

Ubeti wa tatu nikautoa pia, na mama akaurekebisha: "Asubuhi nitaamka, chumvi imeisha, nitavuka hapo kama kawaida." Kisha nikafika mahali ambapo sikuwa na chochote. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, hilo nilijua, lakini sikuwahi kuusikia hata siku moja, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nikiinua ndoo na kujimwagia maji yote yaliyobaki. Kwenye toleo langu mstari huo ulikuwa wa kupiga kelele za baridi.

Mama alijaribu. Wenzake walijaribu kumsaidia, kila mmoja akiweka maneno yake, lakini yalikuwa maneno ya kila wimbo. Mwishowe akasema, "Hapo tutaguna tu, mdomo umefungwa, halafu tuingie kiitikio." Wakajifunza hivyo alasiri yote, na walipomsikia jirani kwenye ngazi na ndala zake mpya, wakarukia wimbo wa zamani kwa sauti kubwa ya watu wenye hatia.

Jumapili jirani aliketishwa mbele, kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa cheupe, amevalishwa leso mpya juu ya gauni lake. Mimi nilipewa kazi ya kurekodi kwa simu ya mama. Mama alinikabidhi akiniangalia namna unavyomwangalia mtoto unayempa mayai. Niliangalia mara kadhaa kama kweli inarekodi.

Waliimba vizuri sana. Kwenye foleni ya maji jirani alitabasamu na kutikisa kichwa. Kwenye mtoto, watu kadhaa walinigeukia, nikajifanya nashughulika na simu. Kisha ubeti wa tatu. Asubuhi nitaamka, chumvi imeisha, nitavuka hapo kama kawaida. Mama akainua mkono, kwaya ikafunga mdomo, wakaanza kuguna.

Na jirani, palepale kwenye kiti chake, bila kusimama, akaingia kwa sauti yake ya pili ambayo maisha yangu yote imekuwa ikipita chini ya mlango wetu: "Nikipiga hodi, nani ataitika?"

Mkono wa mama ulibaki juu. Kwaya haikujua iingie au isubiri. Jirani akaurudia mstari taratibu, peke yake, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichokisahau mezani, na safari hii mama akauchukua, na wengine wakaufuata.

Baadaye, kwenye chai, mama alimuuliza aliujuaje.

"Mama Fundi," jirani akasema, "ukuta wa ploti ile ulidhani ni wa mawe? Mimi niko nje kila asubuhi nachambua mboga. Ungetaka nizibe masikio na mrenda?" Akanigeukia. "Na huyu wako anaimba vibaya. Lakini ile ya bando niliipenda."

Alisafiri wiki hiyo. Chumbani mwake sasa wanakaa vijana wawili wenye adabu, wanaosalimia na kufunga mlango.

Ile rekodi nimeiweka kwenye simu ya mama, kwenye simu yangu, kwenye kadi, kwenye kompyuta ya kazini ambako hairuhusiwi, na nimemtumia yule mwenzangu wa Kariobangi aihifadhi bila kuuliza maswali. Mama huisikiliza jikoni. Ina kasoro moja. Nilikuwa nimeishika simu karibu na uso, kwa hiyo ufikapo mstari ule wa hodi, sauti ya jirani inasikika kwa mbali, na kinachosikika kwa karibu, kikubwa na wazi kabisa, ni mimi nikivuta kamasi. Nilitaka kukiondoa, kuna programu za kufanya hivyo. Mama akanikataza kuigusa.

Juzi alinipa simu tena, kwenye mfuko wake wa ngozi. "Hebu ipandishe sauti kidogo," akasema. "Hapo kwa hodi simsikiangi vizuri."

Nilivaa viatu nikaenda kununua spika.